Ndege wa Kaskazi katika Ghuba ya Karungu



Wapenzi wasomaji, wiki hii sikuleta mas-ala ya fikihi wala majibu ya barua zenu za ndoa na mirathi. Mama watoto ameniomba niandike juu ya safari yetu ya Desemba iliyopita, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeitaka safari ile, nami ndiye niliyeikataa mara tatu, naona ni haki yake kutekelezewa.

Tulikwenda Karungu kutazama ndege. Nilipowaaga jamaa barazani baada ya sala ya Alasiri, mmoja wao aliniuliza kwa nini nijisumbue hivyo, ilhali uwanja wa ndege uko hapa Port Reitz kwa nauli ya matatu. Ikanibidi nieleze kuwa ni ndege wenye manyoya. Hapo wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulinikera kuliko kicheko.

Karungu ni ghuba ya Ziwa Viktoria, ziwa ambalo wenyeji wake Wajaluo huliita Nam Lolwe. Iko kaunti ya Migori, upande unaopakana na Homa Bay, kusini kidogo ya mstari wa ikweta, na mji wake mdogo wa ufuoni huitwa Sori. Kwetu sisi watu wa pwani ni mwisho wa nchi: sisi tumekaa ukingo wa mashariki, wao wamekaa ukingo wa magharibi, na katikati iko Kenya nzima. Binti yetu wa tatu anafanya kazi huko. Ni muuguzi mkunga, na sasa yuko katika mwaka wa nne.

Lazima niseme kweli hapa, maana bila hiyo safari yenyewe haitafahamika. Siku alipopata kazi ile sikumpa radhi kwa moyo mkunjufu. Nilimwambia kuwa msichana ambaye hajaolewa hana haja ya kuvuka nchi nzima akitafuta riziki ambayo Mombasa ipo. Nilisema na mengine, mbele ya ndugu zake, ambayo siyaandiki. Hakunijibu. Aliubusu mkono wangu, akafunga sanduku lake, akaenda. Miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akija nyumbani kila anapopata ruhusa ya Idi. Mimi sikukanyaga kwake. Kila mama yake alipotaja safari nilikuwa na udhuru tayari: mara mitihani ya madrasa, mara khitma, mara goti.

Mwishowe binti akatumia hila, na hila yenyewe ilikuwa ya adabu. Hakuniandikia nimtembelee. Alimwandikia mama yake kwamba mwezi wa Desemba ghuba yao hujaa ndege waliokimbia baridi ya Ulaya, na kwamba huenda baba, ambaye kila mwezi ishirini na tisa hupanda juu ya paa kuutafuta mwezi mwandamo, akapenda kuwaona kwa darubini yake.

Mama watoto akashika hapo hapo. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akiwamwagia ndege wa uani chenga za mchele, na anawajua kwa sauti zao kama anavyowajua majirani. Jioni moja alinisomea kwenye simu yake kwamba watu wa Uingereza na Ujerumani, baridi inapowakaza, hufunga safari hadi mashambani Uhispania kwa ajili ya ndege tu. Huenda jimbo la Extremadura kuwatazama makorongo wa kijivu ambao hushuka kwa makumi ya maelfu kutoka kaskazini ya Ulaya, wakaokota matunda ya mialoni katika malisho ya ng'ombe na nguruwe. Huenda pia Doñana, chini ya mji wa Sevilla, kwenye vinamasi vya mto Guadalquivir. Niliposikia jina hilo nilikaa sawa kitini. Guadalquivir ni Wadi al-Kabir, na Sevilla ndiyo Ishbilia ya vitabu vyetu. Nchi ya Andalus hiyo, na watu wanaikata kwa mabasi kutafuta makorongo!

Basi nikasoma na mimi. Korongo mweupe wa Ulaya, kwa mfano, hawezi kuvuka bahari pana. Mwili wake ni mzito, na hupaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi. Kwa hivyo hutafuta mahali bahari ilipobanwa. Wale wa magharibi huvukia mlango wa Jabal Tariq, mahali palipopewa jina la Tariq bin Ziyad aliyevuka hapo mwaka 711 kwa upande wa pili. Wale wa mashariki huzunguka kwa Istanbul, wakapita Sham na Sinai, wakafuata Mto Nile hadi kwetu Afrika ya Mashariki na kuendelea kusini. Siku hizi wengi wa wale wa magharibi hawavuki tena. Hubaki Uhispania wakala majaani, kwa kuwa taka haziishi. Hata ndege akipata chakula cha bure huacha safari.

Nikakubali kwenda. Nilijiambia kuwa nakubali kwa sababu ya elimu.

Tulipanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku lipitalo Narok na Kisii hadi Migori, kisha matatu ya kupita Macalder, palipochimbwa dhahabu tangu enzi za Waingereza. Ni mwendo wa kuchosha na sitaupamba. Usiku ule, katikati ya Narok na Bomet, abiria wote wamelala, mama watoto alinigeukia akaniambia, "Sheikh, kila mwaka waitolea khutba ile hadithi ya ndege watokao asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba."

"Ndiyo," nikamjibu.

"Hukusema hata siku moja kuwa wanakaa kiotani wakangoja."

Akajifunika ushungi wake akalala. Mimi sikulala.

Nyumba ya binti ni chumba na ukumbi mdogo, mabati juu, saruji chini, na chandarua kipya alichotuwekea kitandani kwake. Yeye akalala ukumbini. Msala wake ulikuwa umeshatandikwa. Nyinyi mnajua kuwa sisi Mombasa kibla chetu kinakaribia kuwa kaskazini barabara. Kule kwa kuwa ni magharibi zaidi, kibla hulalia mashariki kidogo ya kaskazini. Nilitoa simu yangu kimya kimya nikapima. Msala ulikuwa sawa kabisa. Aliniona nikipima, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Asubuhi baada ya Alfajiri alitutoa. Tulishuka njia ya vumbi hadi ufuoni wakati mwanga unaanza kuonyesha rangi. Mashua za omena zilikuwa zikirudi. Omena ni dagaa wa ziwa. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa hivyo na wao wanaishi kwa hesabu ya mwezi kama sisi. Ufuoni kina mama walikuwa wamekwisha tandaza nyavu kuukuu chini, na wakimwaga omena juu yake wakautawanya kwa mikono ili jua liukaushe. Biashara hii ya kukausha imo mikononi mwao.

Na juu ya kina mama hao, mbele yao, baina ya miguu yao, palikuwa na ndege.

Nitasema niliowatambua kwa msaada wa binti. Yangeyange weupe walitembea kando ya nyavu kwa hatua za mdaiwa. Mnandi walijipanga kwenye mashua zilizoegeshwa, mabawa wazi, wakijianika kama kanga kwenye kamba. Fundichuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, alikuwa akibeba kijiti kwenda juu ya mti, ambako alikuwa na kiota kikubwa kiasi cha kumtosha mtoto kukaa ndani. Mbali, juu ya mti mkavu, furukombe alirudisha kichwa nyuma akalia, na sauti ile ilivuka ghuba yote. Lakini aliyeniteka alikuwa mdiria mwenye madoa meusi na meupe. Yeye hana haja ya tawi. Husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kasi, kichwa hakitikisiki hata kidogo, kisha hujiachia kama jiwe na kuibuka na omena mdomoni. Nilimtazama mmoja akifanya hivyo mara tisa. Alikosa mara sita. Sikujua kuwa ndege hukosa.

Nina miaka zaidi ya hamsini. Nimehifadhi, nimesoma tafsiri, nimewasomesha watoto wa watu ile aya ya Suratul-Mulk inayotuuliza kama hatuwaoni ndege juu yetu wakikunjua mabawa na kuyakunja. Nimeeleza nahau yake, kwa nini neno la kwanza limekuja kwa umbo hili na la pili kwa umbo lile. Kumbe swali lile nilikuwa sijalijibu. Utotoni nilikuwa nikiwanasa vitwitwi na tetere kwa ulimbo pamoja na wenzangu, na baada ya hapo sikumtazama ndege yeyote mpaka siku ile.

"Baba, tazama waya," binti akasema.

Kwenye waya za umeme zilizopita nyuma ya maduka walikuwa wamekaa mbayuwayu, kifua kwa kifua, mamia yao. Hawa ndio wageni wenyewe. Huzaa Ulaya na Asia, chini ya mapaa ya mazizi ya watu, na wadudu wanapoadimika kwa baridi huja kwetu na pepo za kaskazi, msimu ule ule ambao majahazi ya Arabuni yalikuwa yakiingia bandari zetu. Mmoja wao ana uzito wa gramu 20 hivi, yaani kama vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Kwa uzito huo huvuka jangwa la Sahara mara mbili kwa mwaka. Huku hawajengi viota. Huku hula na kubadilisha manyoya ya mabawa, moja baada ya moja, ili wawe na mabawa mapya ya kurudia.

Jioni tuliona wanachokula. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikaona moshi mzito ukipanda kutoka ziwani, nguzo tatu au nne, nikasimama nikasema kuna mashua inaungua. Binti akacheka mpaka akajishika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu alipokuwa msichana wa madrasa. Haukuwa moshi. Ni visubi vya ziwa, ambao huzaliwa majini na kupanda hewani wote pamoja kwa mamilioni, hasa siku za mwezi mwandamo. Mbayuwayu walikuwa wakipita ndani ya nguzo zile kama sindano katika kitambaa. Mimi nilikuwa na darubini mkononi na nimesahau kuinua.

Siku ya pili ndiyo niliyokusudia kuwahadithia tangu mwanzo.

Tulikuwa ufuoni tena, mimi na mama watoto, binti akiwa amekwenda zamu yake. Karibu na saa nne alitukuta, bado amevaa sare ya kazi na ushungi wake mweupe, macho mekundu. Usiku ule alikuwa ameitwa kuzalisha. Hajakaa chini, mtoto mmoja alikuja mbio akamwita. Hakumwita kwa jina lake. Alimwita Nyar Mombasa. Kwa Kijaluo, mwanamke aliyetoka mahali fulani huitwa nyar, yaani binti, wa mahali pale. Nyar Mombasa ni binti wa Mombasa.

Mdiria alikuwa amenaswa katika wavu uliotundikwa kukauka. Alikuwa ameuzungusha mwili wake mpaka uzi ukaingia kwenye kwapa la bawa, na kila akipapatika uzi unazidi kukaza. Wavuvi wawili walikuwa wamesimama. Mmoja ameshika kisu, na sidhani alitaka kumdhuru, bali wavu ni mali na ndege yule alikuwa akiukata. Binti alipiga magoti mchangani. Alimfunika ndege kichwa kwa pembe ya ushungi wake, na yule ndege akatulia papo hapo kama taa iliyozimwa. Kisha kwa vidole viwili akaanza kuutafuta mwanzo wa uzi. Hakuvuta. Aliurudisha nyuma, tundu kwa tundu, njia ile ile ulioingilia. Mdomo wa mdiria ni mkali. Ulipochomoza ulimtoboa kidole, damu ikatoka, naye hakuuondoa mkono. Alikuwa akisema naye kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo. Sijui alisema nini. Mama mmoja wa omena aliyesimama ubavuni mwangu aliniambia kwa Kiswahili, "Hivyo ndivyo alivyonisemesha mimi usiku wa kujifungua."

Nilimuuliza yule mama mtoto yu hali gani. Akanionyesha mgongoni.

Ndege alipotolewa hakuruka mara moja. Alikaa juu ya kiganja cha binti yangu, manyoya yamevurugika, akapumua. Halafu akaenda, chini chini juu ya maji, hadi kwenye mafunjo. Wavuvi wakacheka, mtoto akapiga makofi, kazi ikaendelea. Binti akanyanyuka akajipangusa mchanga magotini, akaniona ninavyomtazama.

Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha tangu Narok. Yalikuwa mazuri, yana dalili na mifano. Nilichoweza kusema ni, "Mwanangu, kidole chako." Nikatoa leso yangu nikamfunga. Nilifunga vibaya, akaniacha nimalize, ingawa yeye ndiye muuguzi.

Usiku ule niliyasema yaliyobaki, na hayo ni yetu wenyewe.

Kwa familia zitakazopenda kwenda, nina machache. Nendeni baina ya Novemba na Machi, wageni wakiwapo. Msiwaache watoto waingie majini kuchezea ufuo. Ziwa lina kichocho, na penye mafunjo huenda pakawa na kiboko, hasa jioni. Malaria ipo, laleni ndani ya chandarua. Buibui jeusi ni zito kwa jua la ufuoni saa sita, na mama watoto anasema ndege hawaliogopi, ila yeye ndiye aliyelijutia. Samaki ni wengi: ngege, mbuta, na omena mkavu, ambao tulibeba gunia dogo na treni nzima ikajua. Darubini moja yatosha familia, mkipokezana bila kugombana. Watoto wenye kupenda mambo ya kale waambieni kuwa katika makorongo ya udongo ya Karungu yametoka mabaki ya wanyama wa zamani sana, akiwamo mnyama wa jamii ya tembo ambaye pembe zake zilitoka taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Mtaalamu Felix Oswald alikuja kuyachimba mwaka 1911. Mimi sikufika huko, goti halikuniruhusu, na safari hii udhuru ulikuwa wa kweli.

Tulikaa siku tatu. Siku ya kuondoka binti alitusindikiza hadi kituoni. Alimpa mama yake mfuko wa njugu, nami nikampa darubini. Alikataa, akasema ni ya mwezi. Nikamwambia mwezi huonekana kwa macho, Mtume wetu hakuwa na darubini. Akaitia shingoni juu ya ushungi, na matatu ilipokata kona ya mwisho alikuwa ameielekeza kwetu.

Wiki iliyopita alituandikia kuwa waya za umeme za Sori ni tupu. Mbayuwayu wameondoka wote ndani ya siku chache. Akaongeza jambo ambalo sikulijua. Katika bonde la Lambwe, ndani ya mbuga ya Ruma kule Homa Bay, kuna mbayuwayu mwingine, wa buluu mwili mzima, anayezaa nchi za kusini na kuja huko kuanzia Aprili, wakati wale wa kaskazini wamekwisha kwenda zao. Ni wachache sana duniani. Anataka kwenda kuwatafuta siku atakayopata mapumziko, lakini asingependa kwenda peke yake.

Mama watoto ameshauliza nauli ya basi.